Kadi ya Michoro na Milango Mitatu ya Joto

Miongoni mwa maswali ambayo vijana hutuletea, moja limerejea mara nyingi hata tumeona si vyema kulinyamazia tena: ni kadi gani ya michoro ifaayo kununuliwa kwa kompyuta ya michezo? Wako wanaotutajia majina ya kadi na kututaka tuwachagulie moja. Wako wanaotaka kujua bei tu. Walakini ni wachache mno waulizao lile ambalo kwa maoni yetu lastahiki kuulizwa mwanzo, nalo ni hili: kadi hiyo itapoa vipi?

Jambo hili si dogo. Fedha zitumikazo kununulia kadi moja mara nyingi ni akiba ya kijana ya mwaka mzima, au ni sehemu ya pato la nyumba ambayo mzazi ameitenga kwa taabu. Mwenye kununua asipolifikiri joto, huenda akanunua nguvu asiyoweza kuitumia, na baada ya misimu miwili ya kaskazi akabaki na kibao kisichowaka. Kwa hivyo tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu, na tunawaomba wazazi nao wasome, kwani mara nyingi wao ndio watoao fedha bila ya kuelezwa kinachonunuliwa.

Kadi hii ni kitu gani

Kadi ya michoro ni kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kuchora picha zote zionekanazo kwenye kioo. Mchezo wa kompyuta si kama filamu, ambayo picha zake zimekwisha kupigwa na kuwekwa tayari. Kila mchezaji anapogeuka upande, mji mzima anaouona, na watu wake, na vivuli vyake, huchorwa upya, mara 60 au zaidi katika kila sekunde. Kazi hiyo yote hufanywa na kipande kimoja cha silikoni kisichozidi ukubwa wa stempu ya posta. Wala kadi hii si ya michezo peke yake. Mwanafunzi anayechora ramani za majumba huihitaji, na fundi anayeunganisha filamu za arusi huihitaji pia.

Sasa ifahamike kwamba umeme wote uingiao katika kadi hii hatima yake ni joto. Kadi iitwayo GeForce RTX 4060, iliyotolewa mwaka 2023 na kampuni ya NVIDIA, hula wati 115 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Ndugu yake RTX 4070 hula wati 200. Ile RTX 4090 ya mwaka 2022 hula wati 450. Msomaji na azikumbuke zile taa za zamani za wati 100, ambazo zikishawaka hazishikiki kwa mkono. Kadi ya kwanza ni sawa na taa moja na ziada kidogo. Ya pili ni taa mbili. Ya tatu ni taa nne na nusu, zote zikiwaka ndani ya sanduku moja lililofungwa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kadi ya Voodoo, iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni ya 3dfx na kupendwa sana na wachezaji wa wakati ule, haikuwa na feni hata moja. Hewa iliyomo ndani ya kompyuta ilimtosha. Mwaka 1999 ilipotoka GeForce 256, ilikuwa tayari imevikwa kipande cha chuma cha kupozea na feni ndogo juu yake. Mwaka 2003 ikaja GeForce FX 5800 Ultra, ambayo feni yake ilivuma kwa kishindo hata watu wakaifananisha na mashine ya kufyonza vumbi, na wenyewe walioitengeneza wakatoa filamu fupi ya kuifanyia mzaha. Mwaka 2010 GeForce GTX 480 ilifika wati 250 na ikajulikana kwa moto wake. Mwaka 2020 RTX 3080 ikafika wati 320, na mwaka 2025 RTX 5090 ikafika wati 575. Kwa hivyo kijana asidhani kuwa suala la kupoza ni wasiwasi wa wazee. Kila nguvu zilipozidi, joto nalo lilizidi.

Milango mitatu

Hapa tungependa kuondoa dhana moja iliyoenea. Wengi hudhani kwamba kadi yenye feni nzuri huliua joto. Sivyo. Feni haina uwezo wa kuliua joto. Kazi yake ni kulihamisha tu. Joto likitolewa kwenye kadi huingia ndani ya kasha la kompyuta. Likitolewa kwenye kasha huingia chumbani. Na likiwa chumbani halina budi litafutiwe njia ya kutoka nje. Basi joto lina milango mitatu ya kupita: mlango wa kadi, mlango wa kasha, na mlango wa chumba. Mnunuzi hulipa fedha nyingi kwa ajili ya mlango wa kwanza, akaisahau miwili iliyobaki, kisha akailaumu kadi. Nasi tutaieleza yote mitatu kwa taratibu.

Mlango wa kwanza: kadi yenyewe

Juu ya kile kipande cha silikoni hupakwa pesti nyembamba ya kupitisha joto, ili pasibaki upenyo wa hewa baina yake na chuma kinachokaa juu. Chuma hicho mara nyingi ni cha shaba, kwa sababu shaba hupitisha joto upesi. Kutoka hapo hutoka vijibomba vya shaba vilivyozibwa pande zote, na ndani yake mna maji kidogo sana. Maji hayo yakipata moto hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wenye baridi, hapo hugeuka maji tena na kurejea yalikotoka. Safari hiyo haikomi maadamu kadi inafanya kazi. Vijibomba hulipeleka joto kwenye safu za mapezi membamba ya alumini, na feni huyapulizia hewa mapezi hayo.

Ukiyafahamu haya utajua kwamba hesabu ya feni si kipimo cha kutosha. Kadi ya aina moja, yenye silikoni ile ile na bei zinazokaribiana, huuzwa na watengenezaji mbalimbali ikiwa na feni moja, mbili au tatu. Kijana huiona yenye tatu akadhani ndiyo bora. Lakini feni tatu zikipuliza juu ya mapezi mafupi yenye kijibomba kimoja hazifui dafu mbele ya feni mbili zilizokaa juu ya mapezi manene yenye vijibomba vitatu au vinne. Itazame kadi kwa ubavuni. Tazama unene wa mapezi na uhesabu vijibomba. Kisha tazama upana wa feni, maana feni pana huhamisha hewa nyingi kwa mzunguko wa polepole, na kwa hivyo haipigi kelele. Hilo ni jambo la maana katika nyumba ambayo mmoja anacheza na mwenzake amelala chumba cha pili.

Kwa kadi ya wati 115 kama RTX 4060, au ya wati 132 kama Radeon RX 6600 ya kampuni ya AMD, feni mbili zilizotengenezwa vyema zatosha, na kuongeza fedha kwa ajili ya feni ya tatu ni mapambo. Kwa kadi ya wati 200 na kuendelea, hapo mwili mkubwa wa kupozea una faida yake, nasi twamshauri mnunuzi asiubanie. Ama zile taa za rangi rangi zinazomeremeta ubavuni mwa kadi, hizo hazipozi chochote. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Iko pia namna ya kadi yenye feni moja iliyofunikwa pande zote, inayovuta hewa na kuisukumiza moja kwa moja hadi nyuma ya kompyuta. Namna hii ina wema wake mahali penye kasha lililobana, kwa sababu hailimwagi joto ndani. Walakini feni yake hulazimika kuzunguka kwa kasi, nayo huvuma. Kwa matumizi ya nyumbani, zile za feni mbili zilizo wazi ndizo tunazozipendelea.

Wala mtu asitosheke na ukubwa wa jina. Mwezi wa Disemba 2022 kampuni ya AMD ilitoa kadi ya Radeon RX 7900 XTX kwa bei ya dola 999. Baada ya muda mfupi baadhi ya wanunuzi waliona kadi zao zikifika nyuzi 110 za sentigredi na kupunguza mwendo. Mwezi wa Januari 2023 kampuni yenyewe ikakiri kwamba katika baadhi ya kadi ilizozitengeneza, kile chumba cha mvuke kilichokuwa badala ya vijibomba hakikutiwa maji ya kutosha, na ikakubali kuzibadilisha. Ikiwa hayo yameweza kutokea katika kadi ya bei ile, basi hapana kadi isiyofaa kujaribiwa kabla ya kulipiwa.

Mlango wa pili: kasha

Kadi nzuri ndani ya kasha baya ni kama jiko la mkaa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Feni za kadi hazina hewa nyengine ila ile iliyomo ndani ya kasha. Hewa hiyo ikiwa ya moto, kadi itajipulizia moto.

Siku hizi pana makasha mengi yaliyofunikwa kioo mbele na ubavuni ili taa za ndani zionekane. Kioo cha ubavuni hakina madhara makubwa, lakini kioo cha mbele huziba pale pale ambapo hewa ilipaswa kuingia. Kasha lifaalo ni lile ambalo uso wake wa mbele una matundu mengi, lenye nafasi ya feni mbili za kuingiza hewa kwa mbele na feni moja au mbili za kuitoa kwa nyuma na juu. Wazee wetu waliojenga majumba ya mawe ya Unguja waliinua dari kwa sababu waliijua tabia ya hewa ya moto kwamba hupanda juu. Kasha la kompyuta nalo lafuata kanuni iyo hiyo: hewa baridi iingie chini kwa mbele, na ya moto itoke juu kwa nyuma.

Kabla ya kununua, pima urefu wa nafasi iliyomo ndani ya kasha lako kwa futi, kisha uulinganishe na urefu wa kadi ulioandikwa kwenye boksi. Kadi kubwa za leo hupita sentimita 30. Tena usisahau kwamba feni za kadi zahitaji nafasi mbele yake za kuvutia hewa. Kadi iliyoingia kwa kubanwa, feni zake zikakaribia kugusana na sakafu ya kasha au kibao chengine, haitapata pumzi.

Kadhalika tazama kile kisanduku kigawacho umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kwa RTX 4060 watengenezaji wanashauri cha wati 550. Kadi zilizo kubwa zaidi zahitaji zaidi ya hapo. Wako waliotumia fedha zote kwenye kadi, wakaiunga na pawasaplai hafifu isiyojulikana asili yake. Huko si kubana matumizi, kwani kisanduku kibaya kikiharibika chaweza kuharibu na vilivyoungwa nacho.

Mlango wa tatu: chumba

Tumefika kwenye nukta ambayo kwayo tumeandika makala haya, na tunamwomba msomaji aisome kwa makini.

Mtu akitaka kununua kadi hutazama kwanza maoni ya wataalamu, na wengi wa wataalamu hao wako Ulaya na Marekani. Wao huzijaribu kadi katika vyumba vyenye ubaridi, mara nyingi baina ya nyuzi 20 na 25. Wakiandika kwamba kadi fulani ilifika nyuzi 68, wanasema kweli. Ila ni kweli ya chumba chao. Kadi haina joto lake maalumu isilolivuka. Ilicho nacho ni tafauti baina ya joto lake na joto la hewa inayoizunguka. Ikiwa chumba kilikuwa na nyuzi 22 na kadi ikafika 68, basi tafauti ni nyuzi 46. Ichukue kadi hiyo hiyo uitie katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mchana wa Februari, chenye nyuzi 32, na feni zake zikizunguka kwa kasi ile ile. Ongeza 46 juu ya 32 upate 78. Sasa ifunge ndani ya kasha la kioo, hewa ya ndani ipande nyuzi tano nyengine, upate 83.

Hapo ndipo penye hasara. Kadi nyingi za NVIDIA zimewekewa zijipunguze mwendo zenyewe zifikapo karibu na nyuzi 83, ili zisiungue. Kwa hivyo aliyelipa bei ya kadi kubwa atajikuta anatumia mwendo wa kadi ndogo, na feni zinavuma kwa nguvu zake zote. Kadi haikuharibika wala muuzaji hakudanganya. Ni mnunuzi aliyenunua kwa hesabu ya nchi ya baridi akaitumia katika nchi ya joto. Basi kanuni yetu ni hii: kila usomapo kipimo cha joto kilichopimwa ugenini, tazama joto la chumba walichopimia, toa, kisha ongeza joto la chumba chako. Ikiwa jumla inavuka 80, tafuta kadi yenye mwili mkubwa zaidi wa kupozea, au tafuta kadi ya wati chache zaidi.

Jambo la pili la chumba ni kwamba joto lote la kadi huishia humo humo. Kadi ya wati 320 ikifanya kazi saa nne, chumba kimepokea joto la saa nne, na feni ya dari, ambayo yenyewe hula wati 50 hadi 75 tu, hulizungusha joto hilo bila ya kulitoa. Wazazi nao watapenda kuijua hesabu ya umeme. Kadi ya wati 320 ikichezewa saa nne kila siku kwa nguvu zake zote hula yuniti 38 na ziada kwa mwezi; ya wati 115 hula yuniti 14 kasoro kidogo. Hizo ni za kadi peke yake, mbali na kompyuta iliyobaki. Yuniti hizo hulipwa kila mwezi, wala hazikuandikwa kwenye boksi la kadi.

Kwa hivyo kompyuta isiwekwe ndani ya kabati, wala nyuma ya pazia, wala isisukumwe hadi ukutani. Iache nafasi ya shubiri moja nyuma yake. Isiwekwe juu ya zulia ikiwa pawasaplai yake yavuta hewa kwa chini. Iwe karibu na dirisha lililo wazi, ila isielekee moja kwa moja penye upepo wa bahari, kwani unyevu wenye chumvi ni adui wa vyuma.

Siku ya kununua

Kadi nyingi huletwa kwetu na wafanyabiashara kutoka Dubai. Hapana ubaya katika hilo, lakini mnunuzi aulize dhamana yake itatekelezwa wapi. Dhamana ambayo mpaka mtu asafiri ng'ambo ndipo aitumie, kwake ni karatasi tu.

Mwombe muuzaji aichomeke kadi mbele yako na aiwashe. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z inayoonesha aina ya kadi, joto lake na mwendo wa feni zake. Programu hii ina faida nyengine kubwa: wako wadanganyifu ambao huchukua kadi ya zamani, wakaibadilisha maandishi yake ya ndani ili ijitaje kwa jina la kadi mpya, na programu hii huwafichua wengi wao. Kisha kadi ifanyishwe kazi nzito kwa muda wa nusu saa. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu chuma huchukua muda kushiba joto. Tazama namba ya joto: ikipanda kisha ikatulia, ni kheri, ikiwa yapanda bila ya kutulia, iache. Sikiliza feni: sauti ya hewa ni ya kawaida, lakini mkwaruzo si wa kawaida. Wala usishtuke ukiona feni hazizunguki kadi inapokuwa haina kazi, kwa sababu kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni mpaka zipate joto.

Asiyekubali bidhaa yake ijaribiwe, mwache na bidhaa yake. Usikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Kadi iliyokwisha tumika

Vijana wengi hununua kadi zilizokwisha tumika kwa kuwa fedha ni chache, nasi hatuwalaumu. Ila wajue asili ya nyingi ya kadi hizo. Kwa miaka kadhaa watu walizitumia kadi za michoro kuchimba sarafu za kidijitali, khasa ile iitwayo Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha utaratibu wake, na kadi hizo zikawa hazihitajiki tena kwa kazi hiyo. Nyingi zikamiminika sokoni. Ni kadi zilizofanya kazi usiku na mchana, miezi kwa miezi.

Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu. Silikoni yake huenda ikawa nzima kabisa. Kilichochakaa aghalabu ni feni zake, pesti yake iliyokauka, na vile vipande laini vinavyokaa juu ya kumbukumbu zake. Hivi vyote hubadilishika kwa gharama ndogo na fundi mwenye mkono mtulivu. Basi aulize, na atazame: skrubu zilizochunwa vichwa zaonesha kadi imefunguliwa, na kutu kwenye mapezi yaonesha ilikaa penye unyevu. Katika GPU-Z, kadi nyingi huonesha joto la wastani na pia joto la mahali palipo pa moto kuliko pengine. Tafauti baina ya hayo mawili ikizidi nyuzi 25 au 30, ni dalili kwamba pesti imekwisha kazi.

Na kwa muuzaji tuna neno moja, kwa kuwa wasomaji wetu wako pande zote mbili za meza. Aibu ya bidhaa uijuayo ni wajibu wako kuidhihirisha, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirejesha. Kusema kwamba kadi ilichimba sarafu kutakupunguzia bei kidogo. Kulificha jambo hilo kutakupunguzia kitu kisichonunulika.

Baada ya kununua

Kadi ikishafika nyumbani yahitaji matunzo. Vumbi la mitaa yetu huingia baina ya mapezi likafanya kama blanketi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua kasha na uliondoe vumbi kwa brashi laini na hewa. Unapopuliza, zuia feni kwa kidole zisizunguke, kwa sababu feni ikizungushwa kwa nguvu za hewa yaweza kuharibika. Usitumie kitambaa kibichi.

Tena kuna dawa isiyogharimu hata senti moja. Kwa programu ya bure kama MSI Afterburner, mtu aweza kuiwekea kadi mpaka wa umeme. Kadi ya wati 200 ikiwekewa mpaka wa wati 160, joto lake hushuka na kelele zake hupungua, na mwendo unaopotea mara nyingi ni mdogo kuliko umeme uliookolewa. Vilevile ikiwa kioo chako huonesha picha 60 kwa sekunde, uamuru mchezo usichore zaidi ya 60. Zile zinazozidi hakuna azionaye, na bado umeme wake unalipwa.

Neno la mwisho

Kwa mkhtasari, mwenye fedha za kadi asizitie zote katika kadi. Achague kadi ya wati zinazolingana na chumba chake na kioo chake, kisha sehemu ya fedha aibakishe kwa kasha linalopumua na pawasaplai ya kuaminika. Kwa wengi wa wasomaji wetu, wenye kioo cha kawaida na chumba kisicho na mtambo wa kupoza hewa, kadi ya baina ya wati 115 na 170 yenye feni mbili na mapezi manene itawatosha kwa miaka mingi, na itadumu kuliko kadi kubwa iliyofungiwa ndani ya tanuri. Kijana akimwendea mzazi wake kuomba fedha, na amwendee na hesabu hizi zimeandikwa: bei ya kadi, wati zake, yuniti za mwezi, na joto la chumba. Mzazi atakayeoneshwa hesabu kama hiyo atajua kwamba mwanawe amefikiri kabla ya kutaka. Nasi twamtakia kila mnunuzi kheri na baraka katika alichokinunua.